Kata Tu, Somo, Nani Atasoma?

Somo yangu Mwanajuma,

Nakusalimu kwa kuwa mamangu alinifundisha kwamba barua huanza kwa salamu, hata ikiwa ni ya kumsuta mtu. U hali gani huko Mtwapa? Mimi ni yule yule, nyumba ile ile ya Barani hapa Malindi, na cherehani ya mama iko dirishani pale pale ulipoizoea. Nakuandikia asubuhi, chai nimeshakunywa, kichwa kimetulia. Nayataja haya mapema kwa sababu najua utawaambia watu kwamba niliandika kwa hasira. Kweli hasira ninayo, lakini nimeipiga pasi na kuikunja kabla ya kukuletea.

Barua yenyewe sikuitia kwenye bahasha. Nimeiacha wazi, anayetaka na asome, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Kwa ajili ya hao wengine nieleze jambo ambalo wewe huna haja ya kuelezwa. Tunaitana somo kwa sababu jina letu ni moja. Nyumba zetu zilitazamana, mama zetu walijifungua mwaka mmoja, na kila mmoja akampa bintiye jina hilo hilo bila kuulizana. Wakatuita Mwanajuma Mkubwa na Mwanajuma Mdogo, ingawa nimekuzidi miezi mitatu tu. Mkubwa ni mimi.

Unakumbuka chuoni, kwa maalim wa Kurani? Tulikaa mkeka mmoja. Maalim akiita Mwanajuma, wewe unainamisha kichwa, mimi naitika. Siku ile ulipomwaga wino juu ya mswala wake aliita jina, nawe ukawa umezama kwenye juzuu yako kama mtu asiye masikio, nikainuka mimi. Nilichapwa viboko vitatu vya mkononi. Ulinisubiri nje na ubuyu wako wote, hukubakisha hata kokwa, ukaniambia, "Somo, umenisitiri." Nilijiona shujaa. Nilikuwa na miaka minane, na ubuyu ulikuwa mtamu.

Kwetu ulikuwa mwana wa nyumba. Mama alitukalisha sote wawili kwenye cherehani hii ya kukanyaga, akatufundisha kupiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikizia nguo kabla ya mshono wenyewe. Mimi nilijifunza. Wewe bandi uliiona kazi ya bure, ukataka kushona moja kwa moja, na nguo ikienda upande unacheka mpaka unashika mbavu. Mama alikupenda kwa kicheko hicho. Alisema kila nyumba inahitaji mtu mmoja wa kucheka na mmoja wa kufumua. Mimi nikadhani ananisifu.

Tulipokua ukawa mteja wangu, na haraka yako ukaja nayo. Kitambaa cha Idi ulikuwa ukikileta siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Nikikuuliza mbona leo, unaniambia mwezi hautaandama, tunayo siku nzima. Mwezi unaandama. Watu wanapongezana nje, mimi nimeinama natia zipu. Nguo ya mwanao ya kusherehekea kumaliza shule uliileta asubuhi ya sherehe yenyewe, mtoto kajifunga taulo, anangoja sebuleni kwangu huku anakula mahamri yangu. Na kila mara neno lako ni moja: "Somo, nisitiri mwenzio." Kwa fundi neno hilo lina maana mbili, nivike na nifichie aibu. Wewe ulizitaka zote mbili kwa siku moja.

Wateja wengine wa haraka nilikuwa nawaweza. Nilikuwa nawaambia wasinipimie kwa mdomo, walete mwili au walete nguo inayowakaa. Kitambaa kikifika zikiwa zimebaki siku chini ya tatu, sitii lesi wala shanga, na mtu haniketii mlangoni akihesabu mishono. Walinung'unika, wakazoea. Wewe sikukuweza. Mama alikuwa akinionya kwamba haraka huileta mteja, aibu humbakia fundi, nami nikimjibu, "Si mteja huyo, mama, ni somo yangu."

Sasa tuje kwenye harusi ya mdogo wako Fatma.

Ulifika Alhamisi, adhuhuri, na kupamba, yaani sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, ilikuwa Jumamosi. Ulinibwagia leso kumi na mbili, kanga mpya za kujifunga, moja kwa kila mwanamke wa sare, nizigeuze blauzi za kuvaliwa na sketi nyeusi. Leso huuzwa mbili mbili. Nilipokuuliza zile za pili ziko wapi ukasema umewapa wanawake wa upande wa bwana harusi wajifunge, wajue wanachukua mke wa watu wa aina gani. Jina la leso, yale maandishi yake, ulikuwa umeyaagiza mwenyewe yachapwe: BIBI HARUSI WETU HANA MPINZANI. Ukataka jina lipite mgongoni kwa mstari mmoja, lionekane mtakapocheza.

Nikapima. Jina lilikuwa refu kuliko mgongo. Nilikuonyesha kwa tepu, somo, usiseme sikukuonyesha. Mgongo wa mwanamke wa kawaida ulikwisha pale pale kwenye HANA, na neno la mwisho likabaki nje. Nikakuomba siku moja zaidi, nilikate jina, nilipange mistari miwili, nilishone upya kwa kila blauzi. Ulikuwa umesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, tuktuk inakungoja.

"Kata tu, somo," ukasema. "Nani atasoma?"

Mama alikuwa amelala chumba cha ndani, miguu haimbebi tena, lakini masikio alikuwa nayo. Alikusikia.

Nikakata. Mtu mwenye blauzi kumi na mbili na siku moja na nusu hakati moja moja. Nilipanga leso kumi, moja juu ya nyingine, nikatia pini, nikapitisha mkasi mkubwa mara moja. Kazi ya haraka ndivyo ilivyo, ukikosea umekosea mara kumi. Blauzi ya shangazi yako niliikata peke yake kwa kuwa mgongo wake ni mpana, na jina likaenea lote, Mungu amzidishie afya. Yako pia niliikata peke yake. Hiyo nitairudia.

Jumamosi nilikuwepo. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, vidole vimevimba, naona fahari hata hivyo, kwa sababu mishono ilikuwa imenyooka. Chakacha ilipoanza mlijipanga msururu mkawageukia watu mgongo. BIBI HARUSI WETU HANA. BIBI HARUSI WETU HANA. Migongo ilipita mmoja baada ya mwingine, na vile mlivyokuwa mnatikisa viuno maandishi yakawa yanaonekana vizuri zaidi. Mwanamke mmoja wa upande wa pili, aliyejifunga leso yenye jina zima, akasoma kwa sauti, kisha akauliza:

"Hana nini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Wewe unajua nami najua, bibi harusi akisemwa hana, hakuna anayefikiria vyombo vya jikoni. Fatma alikuwa amekaa juu ya kiti chake, hina mpaka viwikoni, wanja ukaanza kumchuruzika. Kwa Fatma naumia mpaka leo. Hakuwa na kosa lolote.

Ukachukua kipaza sauti. Nilidhani utacheka, kama ulivyokuwa ukicheka kwenye cherehani, useme ni haraka zangu hizi, jamani, mtuwie radhi. Ungesema hivyo yangekwisha hapo hapo. Badala yake ukasema, "Mtuwie radhi. Ni fundi. Ana husuda nasi tangu tuko wadogo." Ukaninyoshea kidole. Jina hukulitaja. Ungesema Mwanajuma, nusu ya ukumbi ungekutazama wewe.

Ikawa kama siku ile Maalim alipoita, na mimi nikainuka tena. Nilisimama na sahani mkononi, nikafungua mdomo. Nikamwona Fatma analia. Nikaona nikikujibu, harusi yake itageuka baraza la kesi, na watoto wake watakuja kusimuliwa. Nikaufunga mdomo, nikatoka. Nilikusitiri tena, somo, sitara kubwa kuliko zote, na wala hukuniletea ubuyu.

Wiki ile ile watu wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mmoja hakuniangalia usoni. Watu wa Mambrui, walioniletea nguo za harusi tangu enzi za mama, wakawa wanaupita mlango wangu kwenda kwa yule mwanamume wa sokoni anayeshona kola upande. Mwezi haukwisha nikawa na jina jipya. Mgeni akiuliza nyumba yangu, watoto wa dukani wanamjibu, "Kwa Fundi Hana? Ile pale." Walisema bila ubaya. Ndivyo walivyosikia nyumbani kwao.

Mamangu, aliyewashonea nusu ya wanawake wa mji huu nguo zao za harusi, alimaliza miezi yake ya mwisho akisikiliza cherehani isiyolia. Siku moja mtu alibisha hodi akauliza kama hapa ndipo kwa Fundi Hana. Mimi nilikuwa uani. Mama akajibu kutoka kitandani, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Hapa ni kwa Mwanajuma, binti wa fundi." Alikufa kabla jina langu halijarudi mahali pake. Matangani ulikuja, ukakaa karibu yangu mkekani, ukalia kwa sauti kunishinda mimi mwenye mama. Na buibui ulilovaa ni lile nililokushonea kwa siku moja.

Nilitaka kukujibu siku ile. Lakini mama alikuwa ameniachia neno, naye hakuwa mtu wa kutupa maneno. "Usimfuate," aliniambia. "Mngoje. Mwenye haraka hurudi."

Ukaolewa tena, Mtwapa. Nikangoja.

Ukarudi mwezi uliopita, asubuhi ya Jumamosi. Hodi yako niliitambua kabla hujaimaliza. Mwana wa mumeo anaoa hapa Malindi, wewe ndiye utakayesimama mahali pa mama wa bwana harusi, macho yote kwako, na gauni ulilolitoa kwa fundi wa Mtwapa limekwama nyongani. Ulimpimia kwa simu, ukamtajia nyonga za miaka kumi iliyopita. Ulikuwa na satini ya kijani kwenye mfuko, na zimebaki saa tano tu kabla ya sherehe. Hukusema pole ya zamani. Hukumtaja Fatma. Ulisimama pale pale mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Somo," ukasema, "nisitiri mwenzio."

Nikakukaribisha. Nikakuambia uvue viatu nikupime, na nilikupima kwa tepu, kila mahali, mara mbili. Ukapumua. Ulidhani nimesahau.

Nikuambie nilichokuwa nacho moyoni nilipokuwa nimepiga magoti kwenye pindo lako na pini mdomoni. Niliushona mshono wote wa mgongo kwa bandi. Bandi tupu, kwa uzi wa rangi ile ile, ukauona umenyooka ukausifu. Bandi hustahimili kusimama na kukaa. Chakacha haistahimili. Ningekuacha uende nayo, kwenye ngoma ya pili ungefunguka kuanzia shingoni hadi chini mbele ya wakwe zako, na mimi ningekuwa hapa nyumbani nimekunja miguu, nakula embe.

Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa kuchemka birika. Kisha nikashona upya kwa mashine, mshono wa kweli, mara mbili. Usidhani ni huruma. Nilikumbuka tu kwamba gauni likipasuka watauliza fundi ni nani, na hapo ndipo ungelikumbuka jina langu. Aibu ingekuwa yako na mbebaji mimi. Nimeshabeba za kutosha. Nikaamua nikushonee gauni zuri kuliko yote niliyowahi kushona, zuri kiasi kwamba utalazimika kuulizwa limetoka kwa nani.

Na kuna kitu nikatia ndani yake.

Vile vipande kumi vilivyobaki kwenye leso za Fatma nilizozikata pamoja sikuvitupa. Vilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti wa mama, chini ya vifungo, na kila kimoja kina neno moja: MPINZANI. Satini yako ilikuwa laini mno, pindo lilihitaji uzito ili lisimame. Nikaviunganisha vipande vyote kumi, vikatoa mkanda wa kuzunguka gauni zima, nikaushona ndani ya pindo, nikaufunika kwa satini kwa mshono wa mkono usioonekana. Karibu na mshono wa ubavu wa kushoto nikatarizi kwa uzi mweupe: KAZI YA MWANAJUMA MKUBWA. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, unakunywa chai yangu, macho kwenye simu.

Jirani yangu Bi Rehema alikuwepo harusini, na aliniletea habari kabla viatu havijamtoka miguuni. Alisema ulipoingia wanawake wote walikugeukia. Alisema walichokisifu zaidi ni pindo, namna lilivyokuwa likizunguka na kutua kila ulipogeuka. Wakakuuliza nani amekushonea. Bi Rehema alikuwa hatua mbili kutoka kwako.

Ukawajibu, "Nina fundi wangu Mombasa."

Hapo ndipo nilipotafuta kalamu. Ungesema ni somo yangu, mkanda ule ungekaa humo mpaka gauni liwe tambara la kupangusia vumbi, na siri hiyo ningezikwa nayo. Naapa kwa mama. Ulikuwa na saa tano za kushonewa na nukta moja ya kusema kweli, na nukta hiyo nayo ukaifanyia haraka.

Nilisema nitairudia blauzi yako, na mimi ahadi zangu huzitimiza. Mgongo wako, somo, ni wa shangazi yako. Jina lingeenea lote kwako, hadi herufi ya mwisho, na nafasi ikabaki. Nililiona hilo vizuri. Nilikuwa nimemaliza kumi, mkono unawaka, mama anakohoa ndani, na maneno yako bado yako mlangoni. Nikasema kimoyomoyo, nani atasoma, nikalikata. Hilo halikuwa kosa la haraka. Kumi ni zako na moja ni yangu, na hiyo yangu nimeibeba mpaka Dabaso alikoolewa Fatma, nikamwambia uso kwa uso. Alinisamehe, akanipa na mkate wa kumimina wa kurudi nao. Halafu akaniuliza kama wewe ulishawahi kumtajia zile zako kumi. Hilo nimekuachia. Mjibu wewe, sasa anazijua.

Picha yako na lile gauni imezunguka kwenye simu za Malindi nzima, naambiwa hata kule Adu imefika. Kwa hiyo huwezi kusema gauni si hilo. Chukua wembe, kaa penye mwanga, anzia mshono wa ubavu wa kushoto, ufumue taratibu. Usimpe yule fundi wako wa simu, atakuharibia satini. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na safari hii nimekushonea humo kwa mkono. Ukibisha, lilete hapa barazani tulifumue pamoja, waje na wale waliocheka.

Na siku ukipatwa na haraka nyingine, mlango wangu unaujua. Wateja wamerudi kidogo kidogo, wanakaa foleni. Utakaa nawe. Utaleta kitambaa siku saba kabla, utapimwa kwa tepu, na kabla sijashika mkasi utatoka nje uwaambie watoto wa dukani, kwa sauti, nyumba hii ni ya nani. Bila hivyo tafuta mwengine wa kukusitiri.

Nilipokuonyesha kwamba jina litakatika, uliniuliza nani atasoma. Neno lililokatika limekaa miguuni pako, mara kumi, na jina langu ubavuni. Anza wewe.

Soma, somo.

Ni mimi, somo yako mkubwa, niliyeitika kwa ajili yako na nisiyeitika tena,

Mwanajuma, binti wa fundi